Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2013/14

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Mkutano wa mwaka jana ulifungwa kwa swali la mzee wetu mmoja wa Barawa: "Mmeona wapi nyie, Msomali akacheza mpira juu ya barafu?" Mzee, jibu nimekuja nalo. Irkutsk, Siberia, 26 Januari hadi 2 Februari 2014. Timu ya taifa ya Somalia ya bandi, iliyozaliwa hapahapa Borlänge, Sweden, mwaka 2013, imecheza Ubingwa wa Dunia, na ndiyo ya kwanza kutoka Afrika kufika huko.

Matokeo nayasema bila kuzunguka: tulipoteza mechi zote. Tulikuwa Kundi B, daraja la chini, wanakocheza kina Mongolia na Japani, na hata huko mabao tulifungwa ya kutosha kujaza gunia.

Kwa waliojiunga karibuni, bandi siyo ile hoki ya kwenye televisheni. Uwanja wake ni kama wa soka, wachezaji ni 11 kila upande, dakika 45 mara mbili, na golikipa hapewi fimbo, anadaka kwa mikono. Sasa jiulizeni mtu aliyevaa viatu vya kuteleza kwa mara ya kwanza mwaka jana atafanya nini kwenye uwanja wa namna hiyo. Msimu ulipoanza nilimfungia kamba kijana mmoja, akasimama, magoti yakamcheza kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Ile fimbo ya kuchezea akaigeuza mkongojo. Alianguka mara nne kabla hajafika katikati, na kila akiinuka alitazama kwanza kama nimeona. Kocha Per Fosshaug, bingwa wa dunia wa zamani akiwa na Sweden, alianza na hilo hilo: kusimama.

Yapo mambo mawili yaliyonikera. Kuna waliosema tumeaibika. Hao wasome historia. Ubingwa ulianza mwaka 1957 na Wasovieti wakaubeba kila mara mpaka Sweden ilipouvunja mwiko mwaka 1981. Ukiwaondoa hao na Warusi waliowarithi, ni Finland tu iliyowahi kulichukua kombe, mwaka 2004. Norway, wenye barafu mlangoni, wanashiriki tangu 1961 na hawajalionja. Sisi tuna msimu mmoja.

La pili linanikera zaidi, nalo ni sifa. Kila mgeni anayekuja na kamera anatuambia tumeshinda kwa kufika tu. Wazo la timu lilikuwa kuwakutanisha wenyeji wa mji na sisi tuliohamia, na kwa hilo nashukuru. Mwaka huu nimeamkiwa dukani na watu ambao zamani walikuwa wakitazama rafu za maziwa nikipita. Lakini mchezaji ni mchezaji. Akifungwa anataka kujua kosa lilikuwa wapi, hataki kupigwapigwa mgongoni kama mtoto aliyemaliza uji.

Kwa hiyo kamati inapendekeza, na mtapiga kura leo, kwamba michango yetu ya msimu ujao isiende kwenye safari. Safari ina wafadhili wake. Yetu iende kwa watoto wa miaka sita, saba, minane, wasichana kwa wavulana, maana wenzetu wa Sweden wanaanza umri huo na ndipo pengo lilipo. Najua wapo watakaosema mwakani Ubingwa ni Khabarovsk, Urusi, na vijana watahitaji mkono wetu. Mimi naona mkono wetu utawafaa zaidi mwaka 2024.

Hesabu za fedha atasoma mweka hazina, hazina maajabu. Niseme tu kwamba viatu tulivyoagiza Novemba vililetwa vyote vya mguu wa kulia, na muuzaji alichukua wiki saba kukiri kwamba binadamu ana miguu miwili. Kina mama waliouza sambusa na chai ya iliki kando ya uwanja ndio waliotuvusha. Ahsanteni sana.

Viatu vya watoto viko kwangu, chini ya ngazi, namba 30 hadi 35. Mje Jumamosi baada ya dhuhuri, na kila mtoto avae soksi nene.