Rechenberg hakuwa mtu wa walowezi, wala hakuwa wetu

Mhariri,

Mwandishi wa makala yenu juu ya mashamba ya mkonge ya Tanga amesema kwamba enzi za Mjerumani serikali na walowezi walikuwa kitu kimoja. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa, lakini kauli hiyo haimwenei Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kuanzia 1906 hadi 1912, na ambaye magazeti ya walowezi yalimwandama bila kuchoka.

Rechenberg alikijua Kiswahili, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Tanga na Unguja. Aliikuta nchi ikiwa bado katika Vita vya Maji Maji, akatambua kwamba watu waliolazimishwa kulima pamba katika shamba la jumbe kwa malipo ya kudhihaki walikuwa na sababu zao hata bila ya maji ya mganga. Kwa hiyo akataka mkulima alime chake, auze na alipe kodi. Ndiyo maana aliipigania reli ya kati ifike Tabora, kwa Wanyamwezi, ilhali walowezi walitaka reli ya Usambara isogezwe kuelekea Moshi. Walowezi nao walikuwa na hesabu yao: anayepata fedha ya kodi kwa karanga zake haendi kukata mkonge wa mwingine. Nadhani chuki ilitoka hapo, si katika hoja za ustaarabu walizozijaza magazetini.

Hata hivyo tusimvishe kanzu isiyo yake. Kodi ilibaki, kiboko kilibaki, na huku kwetu, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume walipewa kipande, yaani kadi ya kazi, kilichowataka wafanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, na asiyekijaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Hayo yalitendeka yeye akiwa gavana. Sheria zake za kazi za 1909 zilimbana mwajiri kidogo tu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mwaka ambao Heinrich Schnee alikalia kiti chake. Mwandishi akiirudia mada hii, ningependa aanzie kwenye kipande kile badala ya ikulu ya Dar es Salaam, kwa sababu kwa Msambaa aliyekibeba, serikali ilikuwa bwana mkubwa wa boma, na bwana huyo aliishi jirani na walowezi.

Msomaji wenu,
Lushoto