Shoga, doti yako ya khanga bado ninayo

Tanga,
12 Aprili 2025

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo sote, hofu na mashaka ni juu yenu mlio kwenye baridi. Idi tumekula salama, ingawa masika yameingia kwa fujo na paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipokuja. Watoto wanakusalimu. Mzee wa nyumba ya pili naye anakusalimu, ila ameniomba nisikwambie kuwa amekusalimu.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni ugomvi.

Mama Saidi amerudi kutoka kwenu Marekani. Tulimpokea stendi na mizigo yake sita, na chai haijapoa keshanimwagia habari zote: arusi ya Mwanahawa ni Agosti, goti lako linakusumbua, jokofu lako kubwa kama kabati la masjala. Akaniambia unadai doti yako ya khanga. Sawa, deni ni deni. Mwaka 2016 niliapa kuwa Hillary Clinton atamshinda Trump urais wa Marekani, wewe ukasema hashindi, na mpaka leo sijalipa. Ningelipa kimyakimya. Ila Mama Saidi, unamjua, akatia kijiko cha tatu cha sukari, akakoroga polepole, akasema: "Na mwenzio wala hakwenda kupiga kura mwaka ule."

Rehema! Uraia umeupata 2015, picha umetutumia na kibendera mkononi. Na unakaa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania lilelile ambalo Trump alilichukua kwa kura kama 44,000 tu! Yaani umewekeana dau na mimi, kumbe wewe mwenyewe ni mchezaji na umekaa benchi kwa hiari yako. Dau hilo linadaiwa kweli? Nilitaka kumuuliza sheikh, nikakumbuka ataanza kunisomea mimi kwa kucheza kamari, nikaacha.

Nilipombana Mama Saidi akasema ulimwambia ulikaa nyumbani "kwa sababu ya ile barua." Yeye hakujua barua gani. Mimi nilijua: ile ya mkuu wa FBI, wapelelezi wa Marekani, juu ya barua pepe za Hillary. Na usiku ule sikulala.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka ule. BBC asubuhi, Sauti ya Amerika usiku, mpaka ukaniuliza kwani mpiga kura ni mimi au wewe. (Sasa najua jibu: hakuna kati yetu.) Majirani walidhani nimeingia siasa. Kumbe mie nilikuwa nasikiliza mambo ya masjala! Mtu, huyo Hillary, ni Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kuanzia 2009 hadi mwanzo wa 2013, na muda wote huo hana anwani ya wizara ya barua pepe. Kazi yake yote inapita kwenye seva, kompyuta ya kutunza barua pepe, ya kwake mwenyewe, imewekwa nyumbani kwake Chappaqua huko New York. Mimi, tulipokuwa masjala pamoja, niliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa jalada lililolala nje usiku mmoja, wewe shahidi. Kwa hiyo nilimtaka ashinde, na papo hapo nilitaka nimkalishe kitako nimseme.

Maana kosa lilikuwepo, tusidanganyane. New York Times lilipoandika habari ile Machi 2015, alitoka akasema alitaka wepesi wa kubeba simu moja. Baadaye ikaonekana simu hazikuwa moja. Halafu mawakili wake ndio waliozichambua barua pepe: zaidi ya 30,000 ni za kazi, hizo wizara ikapewa, karibu 32,000 ni zake binafsi, za arusi ya binti na mazishi ya mama na mazoezi ya yoga, hizo akasema hakuziweka. Na fundi alikuja kuzifuta Machi hiyohiyo, wakati kamati ya Bunge lao imeshatoa hati ya kudai nyaraka. Wewe umeona wapi mwenye jalada akapewa jalada lake mwenyewe achambue kurasa zipi zibaki? Hata Mzee wa Kikapu wa ofisini kwetu hakufika huko.

Ndiyo, nimemtaja. Nitarudi kwake. Ngoja kwanza.

Kilichonitia wasiwasi tangu mwanzo ni kwamba jambo hili halikuibuliwa na watu wa masjala. Lilitoka kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoundwa 2014 kuchunguza shambulio la Benghazi, Libya, lile la Septemba 2012 lililomuua balozi Chris Stevens na wenzake watatu. Kamati ikatafuta Benghazi, ikaangukia barua pepe. Mwaka 2015 mkubwa mmoja wa chama cha Republican, wapinzani wa Hillary, Kevin McCarthy, akaropoka kwenye runinga kwamba Hillary alikuwa haangushiki, wakaunda kamati, na sasa tazameni takwimu zake zinavyoshuka. Kauli ile ilichangia kumkosesha kiti cha uspika. Mwezi uliofuata walimhoji Hillary kama saa 11. Saa 11, shoga! Mimi nilihojiwa dakika arobaini nikatoka natetemeka.

Basi sasa Mzee wa Kikapu. Miaka mingapi alibeba majalada kwenye kikapu kilekile cha samaki, yakarudi yananuka vibua? Nani hakujua? Mhudumu wa chai alijua, dereva alijua, sisi tulikuwa tunayaanika dirishani. Hakuna aliyesema neno. Siku alipochukua fomu ya uenyekiti wa ushirika, ndipo ghafla kila mtu akawa na uchungu na nyaraka za serikali. Sisemi alikuwa sahihi. Nasema uchungu ule ulikuja na fomu.

Rudi Marekani. Kiangazi cha 2016, Bill Clinton akapanda ndege ya Mwanasheria Mkuu, Loretta Lynch, pale uwanja wa Phoenix, wakasema walipiga soga za wajukuu na gofu. Labda kweli. Lakini mkeo anachunguzwa na watu wa huyo mama, nawe unapanda ndege yake kumwamkia? Baada ya hapo Lynch ikabidi aseme atakubali watakachopendekeza wapelelezi, na mzigo wote ukamwangukia James Comey, mkuu wa FBI. Tarehe 5 Julai akasimama mbele ya kamera: barua pepe 110 zilikuwa na siri za serikali wakati zinatumwa, Hillary na wenzake walikuwa wazembe kupindukia, lakini hakuna mwendesha mashtaka mwenye akili timamu angeipeleka kesi hiyo mahakamani.

Hapo ndipo nilipozima redio. Wewe ulinipigia unafurahi kwamba ameponea, nami nikakwambia hajaponea kitu. Kosa la Oktoba, la ile barua, lilizaliwa siku ile, nitalisema mpaka nizikwe. Kama hakuna kesi, unaandika mstari mmoja, unapiga muhuri, jalada linarudi rafuni. Ukisha kulisoma jalada la mtu hadharani ukurasa kwa ukurasa, kisha ukasema "lakini hana kesi," umemhukumu pasipo hakimu. Nawe mwenyewe umejifunga kamba, maana likizuka dogo jipya watu watakwambia: si ulisema mwenyewe, haya sema tena!

Na likazuka. Kompyuta ya mapajani ya Anthony Weiner, mume aliyetengana na Huma Abedin, msaidizi wa Hillary. FBI waliishika kwa aibu zake nyingine, ndani wakakuta barua pepe za mkewe. Wamelijua hilo tangu mwisho wa Septemba, likakaa karibu mwezi mzima mezani kwa mtu. Halafu 28 Oktoba, siku 11 kabla ya uchaguzi, Comey anawaandikia wakubwa wa kamati za Bunge. Watu wa Wizara ya Sheria walishamkumbusha kwamba desturi ni kutogusa mambo ya namna hii uchaguzi ukikaribia. Baadaye aliliambia Seneti kuwa aliona milango miwili tu, kusema au kuficha.

Barua yenyewe uliisoma? Ni fupi. Anasema zimeonekana barua pepe ambazo huenda zinahusika, na bado hajui kama zina uzito. Basi. Hakuandika kwamba kesi imefunguliwa upya. Aliyeandika hivyo ni mbunge Jason Chaffetz kwenye Twitter, dakika chache tu baadaye, na dunia nzima ikasoma ya Chaffetz. Tarehe 6 Novemba Comey akaleta barua ya pili: tumeangalia, hakuna kilichobadilika. Mamilioni walikuwa wameshapiga kura za mapema. Na wewe ulikuwa umeshaamua kukaa na kikombe chako cha chai.

Wewe, Rehema! Wewe wa kuiamini barua kama ile! Umesahau barua yetu ya Mzee wa Kikapu uliipiga chapa wewe, nakala tatu kwa kaboni? "Majalada matatu bado hayajaonekana na yanaendelea kutafutwa." Niliiandika mimi kwa amri ya mkubwa, na kila neno lilikuwa kweli. Siku tisa kabla ya uchaguzi wa ushirika. Ilipofika mkutanoni ikasomwa na yule mpinzani wake kwa sauti yake, na mpaka inafika Ngamiani imekuwa "kaiba majalada, anatafutwa." Tulicheka siku ile, unakumbuka? Mimi na wewe tulicheka.

Kuna jambo sijawahi kukwambia, na ndilo lililoninyima usingizi, si kura yako. Majalada yale yalipopatikana nyuma ya kabati la chai, baada ya uchaguzi, wote walidhani ndiyo kwanza yameonekana siku ile. Sivyo. Niliyaona mimi siku mbili kabla ya kura, nilipoinama kutafuta kijiko. Nikasimama pale na kijiko mkononi. Nikajiambia: nikisema sasa wataniona nampigia debe, na mkubwa atanimaliza. Nikayasukuma nyuma zaidi. Comey, pamoja na yote, barua ya pili aliiandika. Ya kwangu mimi

Basi. Umeme umekatika hapo, nimeendelea leo Jumapili.

Unajua kingine kinachoniudhi? Wakati ule kabatini kwa FBI kulikuwa na majalada mawili. La pili, la watu wa Trump na Urusi, walilifungua mwisho wa Julai 2016, na raia hakuambiwa rasmi mpaka Machi 2017. La pili ndilo lililotunzwa kama inavyotakiwa, na utaratibu huohuo sahihi ukawa ni upendeleo kwa sababu tu mwenzake alisomwa barabarani. Na huyu Trump ndiye aliyesimama mbele ya kamera akaiambia Urusi ikiwa inasikia, iziokote zile barua pepe 30,000 zilizopotea! Sisemi barua ya Comey ndiyo iliyomwangusha yule mama. Tangu ateuliwe na chama chake hakwenda jimbo la Wisconsin hata mara moja, hilo nalo alilogwa na nani? Lakini aliwazidi wote kwa kura karibu milioni tatu nchi nzima, akashindwa kwa majimbo, maana kwao ndiyo yanayoamua: matatu ambayo tofauti yake yote haifiki 80,000. Kwa hesabu hiyo hata kikombe cha chai cha Pittsburgh kina uzito wake.

Na mwisho wake vichekesho. Mei 2017 Trump anamfukuza Comey, na sababu iliyoandikwa kwenye karatasi ni jinsi alivyolishughulikia jambo la Hillary! Mwaka uliofuata mkaguzi wa Wizara ya Sheria akasema Comey alivunja taratibu, ingawa hakuona ushahidi kuwa maamuzi yaliongozwa na chuki za kisiasa, na kumbe Comey naye alikuwa akitumia Gmail yake kwa baadhi ya kazi za ofisi. Halafu zile sura za kucheka ulizonitumia mwezi uliopita, za mawaziri wa Trump waliokuwa wakipanga kuipiga Yemen kwenye kikundi cha Signal, gumzo la simu, na mwandishi wa habari yumo humo ndani. Baadhi yao 2016 walikuwa mstari wa mbele kumsema Hillary. Ulicheka nini hasa? Mimi sikucheka, nilikaa nikisubiri nione nani atadai daftari la masjala safari hii.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa sauti za simu, niandikie. Ni kweli ulikaa nyumbani kwa ajili ya barua, au ulikuwa na zamu na umempa Mama Saidi sababu ya kupendeza? Ile ya pili ya 6 Novemba uliisikia? Ungeisikia mapema ungetoka? Mjane wa Mzee wa Kikapu yuko Pangani kwa bintiye, hajambo, niende nikamwambie? Au nitakuwa namfukulia kaburi kwa faida ya roho yangu mwenyewe? Wewe ungekuwa umeyaona majalada yale, ungefanyaje? Usinijibu haraka hilo.

Na khanga nunue rangi gani? Mwanahawa anapenda nyekundu au hiyo alikuwa mdogo? Jina lake chagua wewe, nikichagua mimi kwa hali niliyo nayo nitakuletea la kukusuta mbele ya wakwe. Mpwa wa Mama Saidi anasafiri mwisho wa Juni, mzigo lazima uwe kwake kabla ya tarehe 20.

Goti lipake mafuta ya karafuu.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi

Doti ni mbili, si moja. Ya pili si ya deni.