Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru: Mwandikieni Mgonjwa Jina la Dawa, Si Jina la Kampuni

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kaptembwo, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha na ya kupima sukari. Siandiki kuhusu marupurupu yetu. Hayo yana barua zake. Naandika kuhusu ile karatasi ndogo anayorudishiwa mgonjwa kwenye dirisha la dawa akiambiwa, "Hii imeisha, kanunue nje."

Ombi langu ni moja. Agiza kwamba kila karatasi ya dawa inayotoka katika hospitali, vituo vya afya na zahanati za kaunti hii iandikwe jina la dawa yenyewe, kwa herufi zinazosomeka, badala ya jina la kibiashara la kampuni moja.

Najua ofisini jambo hili laweza kuonekana dogo. Mtaani si dogo. Nina jirani, mama anayeuza mboga, ana presha na sukari kwa pamoja. Alitumwa nje na karatasi yenye majina mawili ya kibiashara. Kemisti ya kwanza aliyoingia wakamsomea bei ya dawa za mwezi. Akafungua fundo la leso, akahesabu, akaomba akatiwe za siku tano. Muuzaji akachukua makasi, akakata vidonge, akavitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika 1x1 kwa kalamu. Siku tano zikaisha, naye hakurudi dukani kwa sababu hakuwa na kitu. Nilipompima, ile namba ya juu ilikuwa imepita 180. Tulikwenda pamoja kwenye kemisti nyingine, nikamwomba mfamasia atutolee dawa hizo hizo kwa majina yake halisi. Za mwezi mzima, za presha na za sukari, hazikufika robo ya bei aliyosomewa mwanzo.

Hapo hakuna aliyevunja sheria. Karatasi ilitaja kampuni, duka likauza ya kampuni hiyo. Mama hakujua kwamba angeweza kuuliza, na hata angejua, nani atabishana na mwandiko wa daktari?

Wewe unayafahamu nitakayosema sasa, Mheshimiwa, lakini barua hii ni ya wazi na wengi watakaoisoma hawajawahi kuelezwa. Norvasc ni jina ambalo kampuni ya Pfizer iliipa dawa ya presha iitwayo amlodipine. Glucophage ni metformin, dawa ya sukari. Augmentin ni amoxicillin iliyochanganywa na clavulanate. Panadol, ambayo kila nyumba inayo, ni paracetamol. Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, haki ya kuitengeneza peke yake, na kwa kawaida hataza hiyo huwa ya miaka 20. Muda ukiisha, kiwanda kingine chenye kutimiza masharti kinaruhusiwa kuitengeneza. Hiyo ndiyo dawa ya jeneriki. Huwa nafuu kwa sababu mtengenezaji wake hakubeba gharama ya uvumbuzi na majaribio ya miaka mingi, na pia kwa sababu viwanda kadhaa hushindania mnunuzi mmoja.

Wengi husema, "Basi itakuwa na nguvu kidogo." La. Jeneriki hutakiwa kuwa na kiini kile kile, kwa kipimo kile kile. Namna ya kuhakikisha ni hii: watu waliojitolea hupewa dawa ya mwanzo, kisha baada ya muda hupewa jeneriki, na kila mara damu yao hupimwa kwa saa kadhaa kuona ni kiasi gani cha dawa kimeingia na kwa kasi gani. Matokeo ya dawa zote mbili lazima yakaribiane ndani ya mipaka iliyokubaliwa kimataifa, ndipo jeneriki ihesabiwe kuwa sawa na ile ya mwanzo. Kinachobadilika ni rangi, umbo, na vile vitu vya kushikanisha kidonge.

Na kama kuna nchi isiyohitaji kuhubiriwa habari ya jeneriki, ni hii yetu. Sisi wa umri wangu tunakumbuka jinsi UKIMWI ulivyozika watu kabla ARV hazijafika kwa maskini. Dawa za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja ziliuzwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka wa 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingeuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Mwaka huo huo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. ARV wanazomeza watu wetu leo, wanaoamka asubuhi kwenda kazini na kulea watoto, karibu zote ni jeneriki. Mtu akiniambia jeneriki haifanyi kazi, mimi humwonyesha watu.

Haki ya kupata jeneriki hata ilipiganiwa mahakamani. Sheria ya bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008 ilikuwa imeeleza ughushi kwa maneno mapana kiasi cha kuweza kuzinasa jeneriki halali. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo, vikitumiwa dhidi ya jeneriki, vinahatarisha haki ya uhai, ya heshima ya utu na ya afya chini ya Katiba yetu. Wakenya watatu waliishinda kesi ile kwa niaba ya sisi wote. Inaniuma kuona kilichookolewa kule Nairobi kinapotea kwa kalamu, kwenye meza ya kliniki.

Ajabu ni kwamba ndani ya hospitali zako jambo hili limeshatengenezwa. Orodha ya Dawa Muhimu ya Wizara ya Afya hutaja dawa kwa majina yake yenyewe. Kaunti inapoagiza kutoka KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, huagiza amlodipine na metformin, na kwenye rafu zako ndizo zinazokaa. Siku dawa ipo, mgonjwa hupewa jeneriki na hupona nayo. Siku imeisha, mgonjwa yule yule hutolewa nje ya geti na jina la kampuni mkononi. Yaani siku ambayo serikali imeshindwa kumpa dawa ndiyo siku anayoelekezwa kwa ile ya bei ya juu. Mheshimiwa, hili halina utetezi.

Kuna hatari nyingine isiyohusu pesa kabisa. Mzee mmoja ninayemtembelea miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii, na kizunguzungu kila akisimama. Wanawe walidhani ni figo. Nilimwomba aniletee dawa zake zote, akazimwaga mezani kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Kulikuwa na boksi mbili zenye majina mawili tofauti kabisa, moja aliandikiwa kwenye kliniki ya kibinafsi, nyingine kwenye kituo cha umma. Nikazigeuza, nikasoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa: amlodipine, na nyingine amlodipine. Alikuwa anameza dawa moja mara mbili kila siku, na kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo hasa kipimo kikizidi. Tulimrudisha kliniki siku hiyo hiyo, wakamrekebishia. Karatasi zote mbili zingeandikwa jina la dawa, yeye mwenyewe, aliyesoma hadi darasa la saba, angeona neno ni lile lile.

Siwalaumu sana madaktari na maafisa wa kliniki. Foleni ni ndefu, na jina la kibiashara kwa kawaida ni fupi na limekaa kichwani. Wawakilishi wa kampuni za dawa huwatembelea na kalamu na kalenda, na jina lililo mbele ya macho ndilo linaloandikwa. Na kwenye kemisti, anayeuza cha bei ya juu hupata faida kubwa zaidi. Kwa hiyo ukingoja mazoea haya yajiondokee, utangoja sana.

Kuna na hofu ya watu wenyewe. Ukienda kununua utaulizwa, "Nikupe orijino au ya India?" kana kwamba moja ni dawa na nyingine ni bahati nasibu. Dawa ghushi zipo, nami sizifanyii mzaha. Lakini ghushi na jeneriki ni vitu viwili. Jeneriki imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ina kiwanda kinachojulikana, ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ghushi haina mwenyewe, na walaghai hupenda kuiga hata majina ghali, maana ndiko kwenye pesa. Kinga ya mgonjwa ni duka lenye leseni ukutani na boksi lisilofunguliwa. Bei ya juu haimkingi. Tena jeneriki si za kutoka ng'ambo tu: kiwanda cha Universal Corporation kule Kikuyu kilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya ARV mwaka wa 2011.

Nisiseme nusu ya ukweli. Zipo dawa chache ambazo mtu hapaswi kuhamishwa kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine bila daktari kujua, kwa kuwa tofauti ndogo tu katika damu huleta shida: baadhi ya dawa za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi ya shingo. Kwa hizo, daktari aandike jina la dawa na aongeze jina la mtengenezaji, pamoja na sababu. Zilizobaki, na ndizo nyingi tunazokutana nazo mitaani, hazina haja hiyo.

Haya yako ndani ya uwezo wako. Jedwali la Nne la Katiba limeweka hospitali na famasia za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili utoe waraka kwa wasimamizi wa hospitali, wala bajeti kubwa ili wafamasia wako wazikague karatasi kabla hazijatoka dirishani na kuzirudisha zile zenye jina la kampuni. Kwa kemisti za kibinafsi, wewe ndiwe unaweza kuwaita wenye maduka mkae mezani. Afrika Kusini sheria humtaka mfamasia amweleze mgonjwa kwamba ipo jeneriki. Hapa tunaweza kuanza kwa kukubaliana kwamba muuzaji ataje bei zote mbili kabla hajachukua makasi.

Nasi wahudumu wa jamii tupeni tangazo la Kiswahili, lenye majina ya dawa za presha, sukari, pumu na maambukizi ya kawaida, na chini yake swali moja ambalo mgonjwa anaweza kulisoma kaunta bila aibu: "Ipo jeneriki yake iliyosajiliwa, na ni pesa ngapi?" Tutalibandika kuanzia Kaptembwo hadi Rhonda, kwenye makanisa, misikiti, na vibanda vya mama mboga. Waraka ukishatoka, tutaanza pia kukuletea, kupitia wasimamizi wetu, nakala za karatasi zitakazoendelea kuandikwa kwa majina ya kampuni, tukiwa tumefunika majina ya wagonjwa, ili ujue kituo gani hakijausoma.

Wako katika kazi,

Mhudumu wa Afya ya Jamii
Kaptembwo, Nakuru