Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Tawi, Msimu wa 2024/2025

Wazee wetu, akina mama, vijana wa hamasa na wanachama wote, asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Simba! Nguvu moja!

Barua ya mwito ilisema tunaanza saa 4 asubuhi. Tumeanza saa 6 na robo, na mpaka nasimama hapa tuko 34. Kitabu cha wanachama kina majina 118. Nimemwomba Katibu auandike muda huo na idadi hiyo kwa kalamu ya wino, asije mtu kesho akasema Mwenyekiti aliamua mambo na marafiki zake.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Agosti 3 mwaka jana tulikwenda Simba Day, tukawafunga APR wa Rwanda 2-0, tukarudi na sauti zimekauka. Tulichangia damu. Tulifanya usafi sokoni. Bonanza na tawi la watani wetu Yanga liliisha sare, na mwamuzi tumeshamsamehe. Tulizika wanatawi wanne, Mungu awarehemu, na kila msiba tulifika na bendera na rambirambi. Ligi tumemaliza wa pili. Watani wamebeba kwa mara ya nne mfululizo, na hapo sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye lililojaza watu hapa leo, maana najua hata hawa 34 hawakuja kwa ajili ya usafi wa soko.

Ni kweli mwezi Januari niliidhinisha fedha za mfuko wa safari zinunue runinga. Ni kweli runinga hiyo imefungwa kwenye baraza ya nyumba yangu. Na ni kweli fundi aliyeifunga ni mpwa wangu. Alilipwa 30,000. Mafundi wawili wengine walitaka 50,000 kila mmoja, Mweka Hazina ni shahidi. Kama kuna mwanachama ana mpwa wa kufunga kwa 20,000 angesema wakati ule, asingesubiri aandike saa 7 usiku kwenye kundi la WhatsApp kwamba "Mwenyekiti ametugeuza kibanda umiza", yaani banda la kulipia kutazama mpira.

Neno hilo limeniuma, sifichi. Tawi hili nimelilea tangu tunakutana chini ya mwembe, kabla yule mwenye kiwanja hajaukata. Bendera ya kwanza niliishona kwa cherehani ya mke wangu. Mtu aliyejiunga juzi kwa sababu ya Simba Day haniambii mimi maana ya tawi.

Naomba mnisikilize jinsi jambo lilivyokwenda.

Desemba 15 tulicheza na CS Sfaxien ya Tunisia, Kombe la Shirikisho Afrika, pale Uwanja wa Mkapa. Kibu Denis akafunga dakika za nyongeza, tukashinda 2-1, na baada ya hapo mnajua kilichotokea jukwaani. Viti 256 viliharibiwa. Watu wa tawi letu, ninaowajua mimi, walikuwa wameshatoka. CAF, shirikisho la soka Afrika, ikatoa adhabu: mechi na CS Constantine, Januari 19, ichezwe bila mashabiki. Mechi ya kuongoza kundi! Hata ungekuwa na milioni mfukoni, geti lisingefunguliwa. Ndipo wazee watatu wakanijia nyumbani wakaniuliza, "Mwenyekiti, siku hiyo tunakaa wapi?" Walikuwa na maana ya kwamba hawataki kwenda kubanana kwenye banda la mtaa wa pili, ambako wanavuta sigara na kutukana wazazi wa watu.

Niliitisha kikao cha dharura. Walikuja 17. Akidi kwa katiba yetu ni nusu ya wanachama. Nikaitisha tena, wakaja 11. Kamati tendaji ina watu watano, siku hiyo tukawa watatu, tukaamua. Kama hilo ni kosa, basi kosa la kwanza ni la waliobaki nyumbani. Constantine tukamfunga 2-0, na pale barazani palikuwa na watu 60 na zaidi, wakiwemo waliokuwa hawana nafasi ya kuja kikaoni.

Lakini hoja yangu kubwa si ile mechi moja. Siku ya mechi yenyewe imebadilika, na wanaonilaumu wanazungumza kana kwamba bado tuko 1993.

Kwa sisi wa Mbagala, kwenda mpirani kulikuwa jambo la miguu na daladala moja. Unakula mapema, unavaa shati lolote jekundu, saa 6 mchana uko nje ya Uwanja wa Taifa unanunua karanga, unajua nani atakaa wapi, na mtani wako mnaambatana mpaka getini halafu mnaagana. Ulipofunguliwa uwanja mpya mwaka 2007, huu wa Mkapa, wenye viti 60,000, safari ilibaki ileile, kwa sababu uko jirani na ule wa zamani. Msimu huu mechi nyingi za nyumbani za ligi tumechezea uwanja wa KMC, Mwenge. Saa 10 jioni, wakati mwingine katikati ya wiki. Mwenye kibanda cha mkaa pale Rangi Tatu afunge saa ngapi ili afike Mwenge? Arudi saa ngapi na foleni ya Kilwa Road? Hayo tulijaribu mara moja kwa basi la Kosta, tukafika kipindi cha kwanza kimeisha nusu. Ratiba siku hizi inatazama runinga kwanza. Azam TV iliweka mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 mwaka 2021, fedha zinazozisaidia klabu zetu zote, na mwenye fedha hizo ndiye anayejua mechi ianze saa ngapi. Silaumu. Nasema tu kwamba kama ratiba inatazama runinga, tawi nalo si dhambi likiwa nayo moja.

Na tiketi. Dirishani hakuna tena kukata tiketi, ni kadi na simu. Vijana wanaona rahisi, na mimi nakubali, maana nakumbuka tulivyokanyagana kwenye yale madirisha na tiketi feki tulizouziwa. Lakini mzee wetu mmoja, ambaye hajakosa mechi ya watani tangu enzi za Sunderland, jina letu la zamani, hazijasahaulika, alikataliwa getini. Salio aliwekewa na mjukuu, mashine ikasema halipo. Kijana wa getini alikuwa na haraka. Mzee akarudi Mbagala peke yake, jezi ameikunja mkononi. Nilikuwa ndani, simu haikushika. Niliposikia sikulala. Waliosema runinga ni ya wavivu wamwendee mzee huyo wamwambie uso kwa uso.

Machi 8 ndiyo ilinimaliza. Kosta ilikuwa imelipwa 150,000, watu 29 wamekaa, ngoma iko juu, tumefika Mtoni kwa Azizi Ally, ndipo simu zikaanza kulia: mechi ya watani imeahirishwa. Klabu yetu ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikasema haichezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile. Tulikaa ndani ya gari nusu saa tunabishana kama tuendelee. Dereva hakurudisha hata senti, na kisheria sikuwa na la kumdai. Mechi ikaja kuchezwa Jumatano, Juni 25, tukafungwa 2-0. Siku hiyo watani walijaa barazani kwangu kuliko sisi. Walilipa kiingilio 500 kila mmoja kama wageni wengine, na fedha yao imeingia kwenye mfuko. Wapo waliosema niwafukuze. Fedha ya mtani haina rangi, na walivyoshangilia walishangilia kwa adabu, isipokuwa wawili.

Sitaki ionekane kwamba uwanja tumeuacha. Aprili 9 tulijaza Kosta kwenda kumtoa Al Masry. Tulikuwa nyuma 2-0, tukarudisha 2-0, penalti 4-1, na wanaodai tawi limekufa waulizwe walikuwa wapi saa ile. Mimi nilikuwa jukwaa la mzunguko, nimesimama, na goti hili.

Halafu fainali ya Afrika. Miaka 32 tumeisubiri. Novemba 1993 nilikwenda na baba mkubwa Shamba la Bibi, ule Uwanja wa Taifa wa zamani, kuwaona Stella Abidjan. Kule kwao tulikuwa tumetoka 0-0, mji mzima ulishaliona kombe. Tukafungwa 2-0, Rais Mwinyi yumo uwanjani. Tulitembea kwa miguu mpaka Mbagala na baba mkubwa hakusema neno, hata "pole" hakusema. Safari hii tukafika tena fainali, tukafungwa 2-0 Berkane, na mechi ya marudiano, Mei 25, CAF ikakataa uwanja wa Mkapa ikaipeleka Amaan, Zanzibar. Tawi lilipiga hesabu ya watu 20: boti, tiketi, kula, kulala. Ilikaribia milioni mbili, na mfuko haukuwa na robo yake. Uwanja wenyewe hauchukui hata theluthi ya watu wa Mkapa. Vijana sita walikwenda kwa fedha zao, nawapongeza, ingawa mmoja alikwenda na ngoma ya tawi bila kusaini na ngozi imerudi imepasuka.

Waliobaki walikaa barazani. Wazee wanane waliokuwepo 1993 niliwapa viti vya mbele. Mutale wetu alipofunga mapema, mmoja wao alisimama akazima redio aliyokuwa ameiweka sikioni, kwa sababu redio ilikuwa inatangulia picha na alisema anataka kuona bao la pili, si kuambiwa. Halikuja. Kagoma wetu akapewa kadi nyekundu, wakasawazisha mwishoni, 1-1, kombe likaenda Morocco. Watu waliondoka polepole. Yule mzee alibaki mpaka saa 2 usiku, akanywa chai, akaniambia, "Safari hii angalau sikutembea." Kwangu mimi runinga ilijilipa siku hiyo.

Fedha. Mwaka ulianza na 1,106,000. Ada zilizoingia 914,000, michango ya safari 688,000, viingilio vya barazani 412,000. Jumla 3,120,000. Matumizi: runinga, king'amuzi, nyaya na fundi 1,430,000, Kosta mara nne 640,000, rambirambi 400,000, vifurushi vya kila mwezi 280,000, bango na matengenezo ya ngoma 95,000. Jumla 2,845,000. Tumebaki na 275,000. Umeme wa LUKU umelipwa na mimi tangu Januari na sijaleta risiti hata moja. Sisemi ili nilipwe, nasema iandikwe.

Ada ni 2,000 kwa mwezi. Wote 118 wangelipa, tungepata 2,832,000, na huo ubishi wa runinga ama Kosta usingekuwepo, tungekuwa na vyote na chenji juu. Waliomaliza mwaka ni 23. Wengine wamelipa mwezi mmoja mmoja, na wapo ambao tangu wapigwe picha ya kitambulisho hatujaona shilingi. Kundi la WhatsApp lina watu 214! Yaani wanaonijadili ni wengi kuliko wanachama, na wanaonidai maelezo ni wengi kuliko waliolipa. Majina ya wanaodaiwa yamebandikwa mlangoni. La naibu katibu limo, nalo limebandikwa kama mengine.

Kuhusu mipango, tunatarajia, Mungu akipenda, kupata chumba chenye mlango na kufuli ili runinga ihame kwangu. Atakayekipata wa kwanza anijulishe, nitaibeba mwenyewe. Tunatarajia pia kijana mmoja ateuliwe kuwashughulikia wazee kadi zao na kusimama nao getini, na Kosta irudi kwa mechi kubwa, hali ikiruhusu. Jezi za tawi zinafikiriwa.

Maswali yataanza baada ya chakula. Wanaodaiwa wamwone Mweka Hazina kwanza, yuko pale karibu na sufuria ya ubwabwa na ana kitabu cha risiti.

Mwenyekiti wa Tawi
Mbagala, Julai 2025