Kuhusu mkono wako, Baraka

Bukavu

Ndugu yangu Baraka,

Yambo sana. Mama watoto hajambo? Unaniuliza kama ununue kile kimashine cha mtetemo wanachouza sokoni Birere, hapo Goma, eti kitauponya mkono haraka. Kaa na pesa yako kwanza.

Ulipoanguka na moto (pikipiki) ukavunjika mkono wa juu, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa ule nao uliumia. Huo ndio unaoinua kiganja, na ndiyo sababu kimelegea. Nyuzi zake zikikatika ndani huota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku, basi safari ya kufika kwenye misuli ni ya miezi. Watafiti wamewatikisa panya walioumizwa mishipa, na baadhi walipona vizuri zaidi. Kwa binadamu bado halijathibitishwa.

Sisi makine, watu wa tiba ya viungo, tunautumia mtetemo baadaye, hisia zinapoanza kurudi. Ngozi ikiwa inauma hata ikiguswa na shati, mtetemo mdogo huizoeza polepole. Tunapimia nao pia: mtetemo wa mara 30 kwa sekunde kwa kawaida hurudi kusikika kabla ya ule wa mara 256. Ila sehemu yenye ganzi usiibandike mashine mwenyewe, maana ikiunguza hutasikia. Na mtetemo mkali wa muda mrefu wenyewe huharibu mishipa. Wachimbaji wanaoshika mashine za kutoboa mawe kwa miaka wanapata ganzi vidoleni. Kwa hiyo usukani wa moto kwenye mawe ya Goma uache kabisa kwa sasa, nakusihi.

Vaa ateli yako, kile kibao cha kushikilia kiganja, hata usiku kama kine wako alivyosema. Kila siku kunja na kunjua kifundo cha mkono na vidole kwa kutumia mkono ule usioumia, viungo visikauke. Halafu fanya hivi: gonga taratibu kwa ncha ya kidole kando ya mkono, upande wa dole gumba, ukipanda kupita kiwiko kuelekea palipovunjika. Panapochoma kama umeme mpaka kwenye dole gumba, weka alama kwa biki. Baada ya wiki kadhaa rudia. Alama ikishuka, mshipa unakuja.

Mishipa mingi iliyoumia hivi hurudi yenyewe. Lakini miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote, rudi kwa daktari wa upasuaji, usingoje mwaka uishe, kwa sababu misuli iliyokaa muda mrefu bila mshipa hudhoofika isirudi tena.

Niandikie alama imefika wapi. Nisalimie mama.

Ndugu yako,
Amani