Kwa Nafula: naomba mbao mbili za mvule

Lanet, Nakuru
Jumapili jioni

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo dadangu? Na Baba Wafula, mguu umepona? Sisi tu wazima, ila mama ana kifua, na hicho kifua ndicho kilichonifanya nishike kalamu baada ya kukunyamazia tangu matanga ya mwalimu mkuu. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe lina vipimo ndani yake, na ningependa ukae nalo mezani, Baba Wafula naye asikie.

Jumanne usiku mvua ilikuja na upepo, ile ya Aprili isiyoanguka wima. Saa tisa hivi nikamsikia mama akikohoa. Nilipoingia na tochi nikakuta mto wake umelowa upande mmoja, na maji yanateremka ukutani chini ya dirisha, polepole, kama jasho. Hakuwa ameniita. Alikuwa amejisogeza tu mpaka ukingoni mwa kitanda. Nafula, niliumia. Mtu wa miaka 81 analala akikwepa maji ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe.

Chumba chenyewe ni kile ulicholala wiki ile tulipotoka chuoni, ukalalamika kwamba jua linakuamsha kabla ya jogoo. Madirisha ni yale yale. Baba aliyatengeneza mwaka 1971, enzi akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon. Kila mwisho wa mwezi alirudi na vipande vichache alivyouziwa kwa bei ya mfanyakazi. Fremu alizifanya kwa mbao ya seda, mabawa yanayofunguka akayafanya kwa mbao ya podo. Mama husema alishika upande mmoja wa mbao huku baba akipiga randa upande wa pili, hapo hapo kwenye veranda, na jioni walipikia maranda.

Asubuhi nilichukua bisibisi nikaidunga mbao ya chini ya bawa la kushoto. Iliingia kama kwenye kiazi kilichochemka. Nikapanda nayo juu kidogo kidogo, sentimita tano, nane. Nilipofika kama kumi ikagoma. Nikabonyeza kwa nguvu zote, haikuingia. Basi nikazunguka nyumba nzima hivyo hivyo, nikiandika kwenye daftari la zamani la darasa la saba. Madirisha ni saba, kila moja mabawa mawili. Katika yale kumi na manne, matano ni mazima kabisa. Saba yameoza mbao ya chini tu. Mawili ndiyo yaliyokwisha, yale ya jikoni, kwa sababu mvuke wa ndani na mvua ya nje vimeyala pande zote. Fremu zote ni nzima. Seda, Nafula! Mchwa wamepita kando yake miaka yote hii wakaenda kula kabati.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakudunga chochote. Alisimama katikati ya sebule, akatazama, akasema, "Mama, hizi ng'oa zote, weka aluminiamu ya kusukuma." Kung'oa zote maana yake kubomoa plasta kuzunguka kila fremu, kuvunja vizingiti ambavyo baba alivimimina mwenyewe, kuondoa vyuma vya usalama na kuvirudisha. Ndugu yangu wa Nairobi alifurahi kusikia hivyo, akasema yuko tayari kulipa nusu. Sikatai kwamba aluminiamu haiozi. Nyumba mpya ningeiwekea. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, bawa moja hujificha nyuma ya jingine, na mama anahitaji hewa ya dirisha zima. Tena kinachoniuma zaidi: tutupe mbao nzima zilizokauka miaka hamsini na zaidi kwa sababu ya kiganja kimoja kilichooza chini?

Nimejua pia kilichoozesha. Mwaka 2019 tulimleta fundi wa rangi, na huyo alipokuta mbao zimeanza kulainika aliziba kwa kitu cheupe kigumu, akapiga msasa, akapaka rangi juu, ikang'aa. Tukamlipa na kumshukuru. Kumbe puti ya vioo ilikuwa imeshapasuka na kuachana na kioo, kwa hiyo maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo, yanaingia nyuma ya puti, yanatua kwenye mbao ya chini, halafu yanakosa pa kutokea kwa sababu ya rangi ile nene. Mbao hunywa maji zaidi pale ilipokatwa mwisho, na kwenye kona za bawa ndipo ulimi wa mbao moja unapoingia kwenye tundu la nyingine. Ndiyo maana kona zote za chini zimekuwa kama keki. Nilipobandua ile rangi kwa kisu, ndani palitiririka maji, na ilikuwa siku ya tatu bila mvua.

Sasa nikuambie habari njema. Mama Shiro alinipeleka kwa mzee mmoja Bondeni, seremala wa zamani, anayetembea polepole na kunoa patasi zake kwa jiwe la mafuta. Yeye alipofika hakusema neno kwanza. Alifungua bawa, akalifunga, akalifungua tena, akasikiliza bawaba. Kisha akapima kwa uzi kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kona nyingine mbili, akanionyesha tofauti ya sentimita moja na nusu. Bawa limelala, akasema, skrubu za bawaba zimelegea. Akatoa skrubu, akajaza matundu kwa vijiti vyembamba vilivyopakwa gundi, na kesho yake akazirudisha. Bawa ambalo mama amekuwa akilivuta kwa mikono miwili sasa linafungwa kwa kidole. Hilo tu, na mama alikaa kwenye kiti akilifungua na kulifunga kama mtoto.

Kuhusu zilizooza, anasema tusitupe bawa. Anakata mbao ya chini mpaka pale bisibisi inapogoma, na pale anapounga mbao ya kusimama anakata kwa mshazari unaoteremka kwenda nje, ili maji yakifika kwenye kiungo yateleze yatoke. Anatia gundi isiyoyeyuka kwa maji na vijiti vya kufungia. Chini ya mbao mpya anachimba mfereji mwembamba kwa urefu wote; tone la maji likifika pale linaanguka chini badala ya kurudi nyuma kuelekea fremu. Nilipomuuliza kwa nini baba hakuweka huo mfereji, alipitisha kidole chini ya bawa la sebuleni, akanishika mkono nami nikapitisha changu. Upo. Baba aliuweka. Umejazwa rangi miaka nenda miaka rudi mpaka ukapotea.

Nililia kidogo, sikufichi.

Vioo navyo anataka kuviokoa. Puti ya zamani imekuwa jiwe, kwa hiyo anailainisha kwa kipande cha chuma kilichopashwa moto, pole pole, bila kugusa kioo. Mpaka sasa amevunja kimoja tu kati ya kumi na viwili. Vioo hivyo vina mawimbi madogo. Ukisimama jikoni ukasogeza kichwa, ukingo wa kreta ya Menengai unacheza kama uko ndani ya maji. Nilikuwa nikicheza mchezo huo utotoni, na sikujua kwamba ni kioo chenyewe, nilidhani ni macho yangu. Vioo vipya havifanyi hivyo.

Jambo moja limenitia hofu, na hapa nikuombe nawe uangalie kwenu, maana nyumba ya mama mkwe ni ya zamani kuliko yetu. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mjukuu wangu Njeri ana miezi kumi na minne, na nimemkuta mara mbili anatafuna ukingo wa kizingiti. Nimekataza kabisa kupiga msasa mkavu. Mzee anailowesha rangi kwanza, anaikwangua ikiwa na maji, tunakusanya magamba yote juu ya gunia la plastiki, na Njeri anashinda kwa Mama Shiro mpaka sakafu ipigwe deki. Mzee alidhani nazidisha, lakini sasa anafunga kitambaa puani bila kuambiwa. Na vitambaa vya mafuta ya kitani yeye ndiye alinionya mimi: visikunjwe vikaachwa kwenye kikapu, huweza kuwaka moto vyenyewe. Anavianika kwenye kamba kimoja kimoja.

Basi, mbao. Ndipo barua hii inapokwenda tangu mwanzo. Podo ya kweli siioni madukani siku hizi. Saiprasi ipo tele, lakini kila niliyoishika ilikuwa nzito kwa maji. Ukitengeneza bawa kwa mbao hiyo, baada ya miezi mitatu limepinda na kioo kimepasuka. Unakumbuka marufuku ya kukata miti ya 2018 ilivyopandisha bei ya mbao, na hata sasa wauzaji hawana subira ya kuzikausha. Mzee akaniuliza kama namjua mtu mwenye mvule uliokaa. Nikakaa kimya kidogo, halafu nikaona stoo yenu ya nyuma ya jikoni, zile mbao za mvule ulioangushwa na upepo, Baba Wafula alizozipanga na vijiti katikati ili hewa ipite. Ni miaka mitano sasa, sivyo? Zitakuwa zimekauka mpaka moyoni.

Ninachohitaji ni mbili za inchi nane kwa mbili, futi kumi kila moja. Mzee amezipigia hesabu mbele yangu: moja ipasuliwe katikati itoe mbao za chini zote tisa, saba za kuunga na mbili za mabawa mapya. Ya pili itoe mbao za kusimama na za juu za hayo mabawa mawili ya jikoni, na masalio yawe vijiti vya kugawia vioo. Kama kuna ya tatu nitashukuru, kwa sababu mvule huwa na mawe ndani, yale meupe, na msumeno ukilikuta jiwe kipande hicho kimekwenda. Ila sitaki kuwanyima. Najua Baba Wafula alikuwa na mpango wa milango. Na bei nataka kulipa, Nafula, bei ya soko. Usianze yale yako ya "chukua tu." Mbao hizo mlizitunza.

Mpaka zifike tumefunga karatasi ya nailoni kwa nje, na kitanda cha mama nimekihamishia ukuta wa pili. Kifua kinapungua, zahanati walimpa dawa na leo amekula ugali wote. Ila kila wingu likijikusanya anatazama dirisha, na mimi namtazama yeye. Mzee anasema puti mpya inahitaji wiki nzima au zaidi ishike ngozi kabla ya kupakwa rangi, na rangi iingie kidogo juu ya kioo ili kuziba mahali vinapokutana. Kwa hiyo kila siku tunayochelewa inatusogeza ndani ya mvua za Mei. Ndugu yangu nimemwambia nusu yake ya aluminiamu ailete kwenye puti, rangi na ujira wa mzee. Bado hajajibu, lakini hajakataa pia. Mama alimpigia mwenyewe akamweleza habari ya ule mfereji.

Sasa nijibu haya. Mbao bado zipo, au Baba Wafula ameshazitumia? Hazijaingiwa na wadudu? Kusafirisha mvule kutoka Nambale hadi huku mtahitaji kibali cha watu wa misitu, na je, chifu wenu atatoa barua kuonyesha mti ulikuwa wa shamba lenu? Basi la kupitia Kisumu litakubali mbao za futi kumi juu, au zikatwe futi tano huko huko? Mbao za kusimama zina futi tatu na nusu, kwa hiyo tano zinatosha, ila mwambie Baba Wafula asikate kabla sijamuuliza mzee. Nije mwenyewe Ijumaa? Nikija, nitalala, na tutaongea ile habari ya Otieno ambayo siwezi kuiandika. Na nyanya wa Wafula, anaona bado? Ninamletea nini kutoka huku, viazi vya Molo au majani ya chai?

Nijibu kwa simu, usingoje barua.

Rafiki yako,
Wanjiru

Mama anasema nikuambie lile jua bado linaingia mapema.