Barua kwa matabibu na wauguzi wa Kigoma: kuhusu mnachokijaza kwenye PF3

Wanangu matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Kakonko hadi vijiji vya mwambao kule Uvinza,

Hamjambo. Nawaandikia kwa ajili ya fomu moja tu, PF3, ile fomu ya polisi ambayo tabibu huandika alichokiona kwa mtu aliyeumizwa au aliyebakwa, kwa sababu naona namna inavyojazwa na inaniuma.

Fomu hiyo ikishatoka mikononi mwako, itasomwa na polisi, na mwendesha mashtaka, na hakimu. Mshtakiwa naye ana haki, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kutaka wewe uliyeijaza uitwe uulizwe maswali. Huenda ikawa mwaka umepita na sura ya mgonjwa umeisahau. Utakachoshika ni maandishi yako.

Tiba kwanza. Anayevuja damu au aliyebakwa asirudishwe kituo cha polisi kufuata karatasi hiyo. Mtu aliyetoka Kalya kwa boti ameshapoteza saa nyingi njiani, na dawa kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, iendelee siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina nafasi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kadiri anavyochelewa. Fungua faili, andika tarehe na saa, mtibu. PF3 ikifika, ijaze kutoka kwenye faili.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Msiandike tena: “Kizinda kipo, hakuna michubuko, hajabakwa.” Sentensi hiyo ni kosa la kitabibu na la kisheria kwa pamoja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kupenya hata kidogo kunatosha, na kwamba majeraha ya kuonyesha alipambana si lazima. Utafiti nao unasema hivyohivyo: Marekani, mwaka 2004, walichunguzwa wasichana 36 wenye mimba, na ni 2 tu waliokutwa na alama ya wazi ya kuingiliwa. Hebu fikirini, hao wana mimba! Msichana asiye na alama amekuambia nini basi? Hujaambiwa kitu, si ndiyo wala hapana. Andika ulichokiona, kisha ongeza: “Matokeo haya hayathibitishi wala hayakanushi maelezo ya mgonjwa.” Kuamua kama amebakwa ni kazi ya mahakama. Na kipimo cha vidole viwili cha kutazama “ubikira” kiacheni kabisa. Hakina msingi wa kisayansi, na kinamuumiza mara ya pili.

Kwa majeraha, “kidonda kichwani” hakimsaidii mtu yeyote. Pima kwa rula. Andika hivi: “Jeraha la kupasuka, sm 4 kwa sm 1, sm 3 juu ya sikio la kushoto, kingo zimechanika, nyuzi za nyama zinavuka katikati, mfupa hauonekani.” Hakimu akisoma hapo anaelewa ni kitu butu, rungu au jiwe. Panga huacha kingo laini bila nyuzi. Ngozi ya kichwa inadanganya, maana chini yake kuna mfupa, ikipigwa rungu hupasuka ikaonekana kama imekatwa. Kwa hiyo nyoa, osha, tazama kingo kwa mwanga mzuri kabla ya kushona. Ukishashona, ushahidi huo umekwisha.

Vilio la damu chini ya ngozi lieleze kwa rangi, ukubwa na mahali, uishie hapo. Rangi haikupi umri wa pigo kwa uhakika, na “la siku tatu” inaweza kumfunga asiyekuwepo siku hiyo au kumwachia aliyekuwepo.

Nguo na vijiti vya sampuli vikauke kivulini, kisha viingie kwenye bahasha ya karatasi, kila kimoja yake. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, ukungu unaota na vinasaba vinaharibika. Kila anayepokea na anayekabidhi asaini, aandike saa.

Kuhusu ridhaa: mama asiyejua Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kiha, na muuguzi, wala si ndugu aliyemleta. Aliyemleta anaweza kuwa ndiye mwenye kosa, au anaishi naye nyumba moja. Mweleze kila hatua kabla ya kumgusa, na akikataa sehemu moja ya uchunguzi, iache hiyo, andika kwamba amekataa, endelea na matibabu.

Ukikosea neno, lipige mstari mmoja lisomeke, weka saini na tarehe pembeni. Wino mweupe usiguse fomu hiyo. Jina lako na cheo chako viandikwe kwa herufi kubwa, ili mahakama ikikuhitaji ikupate.

Mzee wenu,
Ujiji, Kigoma